Mkono wa Hina na Punje ya Ufuta: Tulivyojifunza Kulehemu Nyumbani

Wavuvi wa dagaa wa Musoma huhesabu siku za mwezi kama sisi sote tunavyozihesabu tukiingojea Ramadhani, ila wao wana sababu yao nyingine. Mbalamwezi inapokuwa kamili taa haimvuti dagaa, nao hupumzika pwani wakishona nyavu. Siku za giza zinaporudi, mitumbwi huingia ziwani na taa zake, na mwangaza juu ya maji ndio unaokusanya samaki kabla ya nyavu kushuka.

Kwa miaka mingi taa hiyo ilikuwa karabai. Ilikunywa mafuta mengi, lakini ilipoharibika mwenyewe aliifungua kwa koleo na bisibisi, akaona kwa macho yake kilichokatika. Siku hizi taa za LED zenye betri, nyingine zikichajiwa kwa jua, zimechukua nafasi ya karabai katika mitumbwi mingi. Hazina moshi na haziogopi upepo. Shida yake huonekana siku zinapozimika: ukiifungua unakuta bodi ndogo ya kijani, na juu yake vijisehemu vidogo kama mchanga, vimeng'ang'ania bila msumari wala skrubu. Wengi hufunika na kutupa.

Taa moja ya namna hiyo ndiyo iliyotuingiza sisi, mume na mke tusio mafundi, katika kazi tunayotaka kuwasimulia wasomaji wa ukurasa huu.

Taa iliyozimika ziwani

Tunaishi Musoma, mtaa usio mbali na soko la Mwigobero, na Allah ametujaalia watoto wanne. Kijana wetu mkubwa alikuwa amemaliza kidato cha nne akisubiri matokeo, na mikono yake haikutulia. Alinunua chuma cha kulehemu cha bei ya chini, kile cha kuchomeka tu ukutani kisicho na kipimo cha joto, akaanza kufungua redio na taa za nyumbani. Alifanikiwa mara mbili tatu, nasi tukamsifu mbele za watu. Sifa zikamfikia jirani yetu mvuvi, akaleta taa yake. Kijana akaifungua, akashika hapa na pale, taa ikawaka. Akapokea ujira wake wa kwanza maishani, nasi tukamshukuru Mola.

Siku ya tatu, baada ya swala ya Alfajiri, jirani alibisha hodi.

"Assalaam alaykum, wazee wangu."

"Waalaykum salaam, jirani. Karibu ndani."

"Sikai. Nimekuja kumwambia kijana kwamba ile taa ilizimika saa nane usiku, tukiwa katikati ya maji. Tumerudi mikono mitupu. Simdai kitu, lakini asimfanyie mwingine hivi."

Lile neno "simdai" lilituumiza kuliko dai lenyewe. Tulimrudishia ujira wake, tukamwongezea gharama ya mafuta ya injini ya usiku ule, naye akapokea baada ya kusihiwa sana. Kisha tukaketi ndani, kijana akiwa ameinamisha kichwa, tukajiuliza la kufanya. Baba aliona kazi isimame mara moja. Mama alikuwa na rai nyingine: "Ukimnyang'anya chombo leo, kesho atakitumia kwa siri, na mteja wa pili hatakuwa jirani mwenye subira. Ama ajifunze vizuri mbele yetu, ama asiguse cha mtu."

Tukakubaliana kujifunza wote, na kwamba hakuna kifaa cha mtu kitakachofunguliwa nyumbani kwetu mpaka tuwe tumejifunza.

Vidogo kiasi gani?

Tulianza kwa kuelewa tunachokishika. Katika redio za zamani kila kijisehemu kilikuwa na miguu ya waya iliyopenyezwa kwenye matundu ya bodi na kulehemiwa upande wa pili. Ufundi wa kuviketisha juu ya uso wa bodi, bila matundu, ulianza kufanyiwa kazi katika miaka ya 1960 na kuenea viwandani katika miaka ya 1980. Faida yake ni bodi ndogo, nyepesi na rahisi kuundwa na mashine. Simu ya mkononi isingewezekana bila ufundi huo. Hasara yake imeangukia kwa fundi wa mtaani, kwa kuwa bodi hizo zimeundwa kwa ajili ya mkono wa mashine.

Vijisehemu hivyo hutajwa kwa tarakimu nne zinazoeleza urefu na upana. Kinachoitwa 1206 kina urefu wa milimita 3.2 na upana wa milimita 1.6, karibu sawa na punje ya ufuta. Kinachoitwa 0805 ni milimita 2 kwa 1.25. Kinachoitwa 0603 ni milimita 1.6 kwa 0.8. Kinachoitwa 0402 ni milimita 1 kwa nusu milimita, na hicho ukikipigia chafya umekipoteza. Anayeanza na aanze na ukubwa wa 1206 au 0805.

Rezista nyingi za kawaida zina maandishi mgongoni, na kuyasoma si kazi ngumu. Tarakimu mbili za kwanza ni namba, ya tatu ni idadi ya sifuri za kuongeza. Hivyo 103 ni 10 na sifuri tatu, yaani omu 10,000, na 472 ni omu 4,700. Kapasita ndogo za kauri, za rangi ya kahawia, kwa kawaida hazina maandishi yoyote. Ukiing'oa bila kuandika ilipotoka, umejitengenezea fumbo. Binti yetu wa darasa la saba ndiye aliyekuwa mwandishi wetu: alichora ramani ya kila bodi katika daftari kabla ya kaka yake kugusa kitu.

Fundi wa Bunda

Jamaa yetu alituelekeza kwa fundi wa simu mjini Bunda, kwenye barabara kuu itokayo Mwanza kuja Musoma. Tulimkuta katika kibanda chake asubuhi ya Jumamosi, lenzi jichoni, simu sita zimefunguliwa mbele yake, kila moja katika kisahani chake. Tulimsalimu, tukamweleza kisa cha taa bila kuficha aibu yetu. Hakucheka. Alimwambia kijana amwoneshe anavyolehemu.

Kijana alichovya lehemu kwenye ncha ya chuma, akaibeba hadi kwenye bodi kama mtu abebaye uji kwa kijiko, akaibandika. Fundi akatikisa kichwa.

"Mwanangu, hapo umepaka, hujalehemu. Lehemu haigandi kwa kupakwa. Pasha moto vile vitu viwili unavyotaka kuviunganisha, halafu lehemu itakimbilia yenyewe penye joto. Ukiibeba hivyo, dawa yake inaungua njiani, ikifika haishiki. Taa ya jirani yenu ilizimika kwa sababu hiyo."

Dawa aliyoisema ni flaksi, ambayo asili yake ni utomvu wa msonobari. Kazi yake ni kuondoa kutu nyembamba iliyo juu ya shaba ili lehemu ipate kushika. Waya wa lehemu wa kielektroniki huwa na flaksi ndani yake, lakini ni kidogo na huisha haraka, kwa hiyo kwa kazi ya vitu vidogo inafaa kupaka nyingine kwenye bodi kwanza. Tofauti tuliiona palepale. Bila flaksi lehemu ilijikunja kuwa kidonge kinachoteleza. Ilipopakwa, lehemu ileile ilitandaa na kung'aa.

Alituonesha pia bloa, mashine ya kupuliza hewa ya moto inayong'oa chipu nzima kwa mara moja, kisha akatukataza tusiinunue mapema. "Anayeanza na bloa huchoma bodi kabla hajajua joto ni nini," alisema. Wakati wa kuaga alitupa kopo lililojaa bodi mbovu za simu na redio. "Hizi zimekwisha kufa, hamwezi kuziua tena. Mkiharibu mia, hamjamdhulumu mtu."

Vifaa vilivyotutosha

Hatukununua vingi. Cha kwanza kilikuwa chuma cha kulehemu chenye kudhibiti joto, kwa kuwa kile cha zamani kilipanda moto kilivyotaka chenyewe. Lehemu ya bati asilimia 63 na risasi asilimia 37 huyeyuka kwa nyuzi 183 za selsiasi. Lehemu isiyo na risasi, ile ya bati, fedha kidogo na shaba, huyeyuka karibu na nyuzi 217 hadi 220. Ncha ya chuma huhitaji joto la juu zaidi ya hapo ili kazi iishe upesi, nasi tuliona nyuzi 320 hadi 350 zikitutosha.

Tulidhani ncha bora ni ile kali kama sindano. Sivyo. Ncha kali mno haibebi joto la kutosha, nawe unabaki umekandamiza bodi kwa muda mrefu mpaka unaiharibu. Ncha bapa ndogo, ya upana wa milimita 1 hadi 2, ndiyo iliyotupatia viungo safi.

Vingine ni waya wa lehemu mwembamba wa nusu milimita, flaksi, kibano chenye ncha kali zisizopishana, utambi wa shaba wa kunyonyea lehemu iliyozidi, mita ya kupimia umeme, spiriti ya kusafishia na mswaki kuukuu. Kwa macho tulitumia kwanza lenzi ya kawaida ya kukuzia, baadaye tukagundua kwamba kamera ya simu iliyosimamishwa juu ya vitabu viwili huwawezesha wawili kutazama kazi moja, mmoja akilehemu na mwingine akimsahihisha. Chini ya yote tuliweka sinia jeupe lenye ukingo, kwa sababu kijisehemu kinachoruka huanguka ndani yake badala ya kupotelea kwenye zulia.

Hatua kwa hatua

Hivi ndivyo tunavyoketisha rezista au kapasita yenye ncha mbili, na yeyote mwenye subira anaweza kufuata.

Safisha vile viwanja viwili vidogo vya shaba kwa utambi na spiriti, kisha paka flaksi. Weka lehemu kidogo kwenye kiwanja kimoja tu, ukiacha cha pili kitupu. Shika kijisehemu kwa kibano katika mkono mmoja na chuma katika mkono wa pili. Yeyusha ile lehemu uliyoiweka, sukuma kijisehemu kiingie humo kikiwa kimelala sawasawa juu ya bodi, kisha ondoa chuma huku kibano kikiendelea kushika. Hesabu moja mpaka tatu. Ukitikisa kabla lehemu haijaganda, kiungo kitaonekana kizima nacho kimepasuka ndani.

Sasa upande wa kwanza umeshika, na mkono wako uko huru. Geukia upande wa pili, gusisha ncha ya chuma kwenye kiwanja na kwenye ncha ya kijisehemu kwa pamoja, lisha waya wa lehemu kwa sekunde moja au mbili, ondoa waya, ondoa chuma. Mwisho rudi upande wa kwanza, ongeza flaksi, upashe moto upya ili nao utulie. Kiungo kizuri kina umbo la mteremko laini, kama maji yanavyopanda kidogo kwenye ukingo wa glasi. Kikiwa mviringo kama shanga, hakijashika.

Kwa chipu yenye miguu mingi, linganisha kwanza miguu yote na viwanja vyake, lehemu mguu wa pembeni mmoja, kagua, kisha ule wa pembe ya mkabala. Ukiona umepinda, ni mguu mmoja tu wa kuyeyusha. Baada ya hapo paka flaksi ya kutosha na upitishe ncha yenye lehemu kidogo mguu baada ya mguu. Miguu miwili ikiunganishwa na daraja la lehemu, usikwaruze. Weka utambi wa shaba juu yake, kandamiza kwa ncha ya moto, na lehemu iliyozidi itapanda kwenye utambi kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi wa kibatari.

Hapa tulipata fundisho ambalo hatukulitarajia. Mikono ya kijana ilitetemeka, ya baba ikatetemeka zaidi, ya mama haikutetemeka. Mama ni mpaka hina wa maharusi kwa miaka mingi, na mchora hina hauachi mkono wake uelee hewani. Hukiegemeza kidole cha mwisho juu ya ngozi na kuchora kwa vidole vitatu tu. Alipoegemeza viganja kwenye ukingo wa sinia, akaegemeza kidole cha mwisho juu ya bodi iliyopoa na kushusha pumzi kabla ya kugusa, kijisehemu cha 0603 kilikaa mahali pake kwa mara ya kwanza nyumbani kwetu. Binti akapiga makofi. Tangu siku hiyo mama ndiye mwalimu wa mkono, na kijana ni mwalimu wa mita.

Makosa yaliyotufundisha

Tuliharibu bodi nyingi katika kopo la fundi wa Bunda. Kosa kubwa lilikuwa kukawia. Kiwanja cha shaba kimebandikwa kwenye bodi kwa gundi, na joto la muda mrefu huilegeza gundi hiyo. Kiwanja kikishang'oka hakirudi. Ukiona lehemu haiyeyuki kwa sekunde 3, ondoa chuma, ongeza flaksi, ngoja bodi ipoe, jaribu tena.

Kosa la pili lilikuwa kuamini macho peke yake. Lehemu yenye risasi ikiganda vizuri hung'aa, na ikiwa imefifia na kukwaruza ni dalili ya kiungo baridi. Lakini lehemu isiyo na risasi huwa imefifia hata inapokuwa nzima, kwa hiyo mng'ao si ushahidi. Pima kwa mita, kisha sukuma kijisehemu polepole kwa kibano uone kama kinacheza.

Kosa la tatu ni kugeuza. Rezista haijali upande. Dayodi na taa za LED zinajali, nazo huwa na alama ya upande hasi, ila alama hutofautiana kwa watengenezaji. Mita yenye kipimo cha dayodi huonesha upande sahihi kabla hujalehemu, na taa ndogo nyingi huwaka kidogo zinapopimwa.

Liko kosa ambalo, alhamdulillahi, hatukulifanya, kwa kuwa fundi alituonya kwa ukali. Chaja na taa za kuchomeka ukutani zina kapasita kubwa inayoweza kubaki na umeme wa volti zipatazo 325 hata baada ya kuchomolewa. Hicho si kifaa cha mwanafunzi. Tulibaki na vitu vya betri tu, na hata hivyo betri hutolewa kabla ya kazi kuanza. Betri za lithiamu hazilehemiwi moja kwa moja kamwe, kwa maana joto linaweza kuzilipua.

Risasi, moshi na mtoto anayenyonya

Mtoto wetu wa mwisho alikuwa na miezi minane wakati huo, akinyonya na kutambaa. Mama alikataa kazi ianze mpaka swali la risasi lijibiwe, na alikuwa na haki. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Huathiri ubongo wa mtoto unaokua, na mtoto mdogo hufyonza risasi iliyoingia tumboni mara 4 hadi 5 kuliko mtu mzima. Hupita pia kutoka kwa mama mjamzito hadi kwa aliye tumboni. Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaletea wakazi sumu hiyo majumbani, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, kesi iliyoendelea hadi Mahakama ya Juu. Kiwanda kile na sinia letu havilingani kwa wingi, lakini sumu ni ileile.

Tulichokielewa ni kwamba kwa joto la kulehemu risasi haigeuki kuwa mvuke wa kutajika. Hatari iko mikononi: vumbi na chembe zinazoshikwa, kisha kuingia kinywani pamoja na chakula. Moshi unaouona ni wa flaksi. Nao si wa kuchezewa, kwa kuwa moshi wa utomvu wa msonobari unajulikana kuwasababishia pumu watu wanaouvuta kila siku.

Tukaweka sheria za nyumba. Kazi hufanyika kwenye meza moja ya barazani, penye upepo, si jikoni wala chumba cha kulala. Feni ndogo huvuta moshi upande wa pili, na haumpulizii mtu usoni. Hakuna kula wala kunywa mezani, na waya wa lehemu haushikwi kwa meno hata mara moja. Ukimaliza, mikono huoshwa kwa sabuni kabla ya kumgusa mtoto. Maji matupu ya udhu hayatoshi kwa kazi hiyo. Shati la kazi halivaliwi ndani. Meza hupanguswa kwa kitambaa kibichi, wala haifagiliwi kwa ufagio unaorusha vumbi. Mabaki hukusanywa katika kopo lenye kifuniko, yasitupwe ziwani tunakochota maji na samaki.

Mama mwenyewe alihamia lehemu isiyo na risasi. Tangu Julai 2006 Umoja wa Ulaya umezuia risasi katika vifaa vingi vipya vya kielektroniki, na lehemu ya namna hiyo sasa inapatikana. Ni ghali zaidi na inadai joto zaidi, lakini kwa mama anayenyonyesha hatukuona hoja ya kubishana. Mjamzito tunamshauri aiache meza hiyo kabisa mpaka ajifungue salama.

Redio ya bibi, Butiama

Kifaa chetu cha kwanza kisicho cha kopo kilikuwa cha mama mkwe, anayeishi Butiama. Redio yake ndogo iliacha kuchaji. Tulipanda gari, tukapinda Makutano, tukamkuta amekaa chini ya mwembe na redio mapajani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Hii mmekuja kuiponya au kuizika?"

Tulimwambia ukweli, kwamba hatujui. Akacheka, akasema basi yeye ndiye ametoa idhini. Tundu la chaji lilikuwa limelegea, na kijana alipoling'oa, kiwanja kimoja cha shaba kiliondoka nalo. Zamani angeficha. Safari hii alimwonesha bibi yake, akaeleza kilichotokea, kisha akafuata njia ya shaba kwenye bodi mpaka alipopata mahali pa kushika, akavusha uzi mmoja mwembamba wa shaba kutoka waya wa zamani. Ilimchukua kutoka Adhuhuri hadi karibu na Alasiri. Redio ikachaji.

Kijiji hicho ndicho alikozaliwa Mwalimu Nyerere mwaka 1922, na mwaka 1967 alitoa maandiko yake juu ya Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule isitenganishe kichwa na mikono. Bibi, ambaye hakusoma sana, alilisema hilo kwa njia yake: alimpa mjukuu kuku, akakataa kabisa kusikia kwamba kazi ya nyumbani haina ujira.

Amana ya mteja

Tunasoma katika Surat Sabai kwamba Nabii Daud (a.s.) alilainishiwa chuma, akaamrishwa kutengeneza mavazi ya kivita na kuzingatia vipimo katika kuunganisha pete zake. Tulilitafakari jambo hilo kwa muda mrefu. Hata aliyelainishiwa chuma hakuruhusiwa kuunganisha ovyo, kwa sababu nyuma ya kila pete kuna maisha ya mtu. Nyuma ya kiungo katika taa ya mvuvi kuna usiku wake ziwani, na riziki ya watoto wake.

Kwa hiyo kijana wetu alipoomba ruhusa ya kuanza tena, tulimwandikia masharti machache na kuyabandika juu ya meza. Mteja ataoneshwa kilichoharibika kabla ya kazi na kilichobadilishwa baada ya kazi. Kipuri kilichotolewa kwenye bodi kuukuu hakitauzwa kama kipya. Kisichowezekana kitasemwa hakiwezekani, bila malipo. Kikiharibikia mkononi mwetu, tutasema sisi kabla mteja hajagundua. Na hakuna taa itakayotoka nyumbani kabla ya kuwashwa usiku kucha.

Sharti la tatu ndilo lililojaribiwa mapema. Mtu mmoja alileta simu ya thamani iliyoingia maji, akaahidi fedha ambazo kijana hajawahi kuzishika. Chipu zake zilikuwa zile ambazo viungo vyake vimefichwa chini ya tumbo, visivyofikiwa na chuma. Kijana aliitazama kwa lenzi, akamrudishia. "Hii siiwezi, kaka. Nenda Bunda, yuko fundi mwenye bloa na mkono wa miaka mingi." Yule bwana aliondoka amenuna. Sisi tulilala kwa amani.

Wazazi wengine hutuuliza kama kazi hii ina mbele. Kwa anayetaka kuendelea, VETA hufundisha umeme na elektroniki, na ina utaratibu wa kuwapima na kuwatambua mafundi waliojifunza nje ya darasa. Kijana wetu anakusudia njia hiyo, inshaallah. Binti anaendelea na daftari lake la ramani za bodi, na sasa anashika kibano chini ya macho ya mama yake, mikono ikioshwa kwa sabuni kila anapomaliza.

Na jirani yetu? Miezi ilipita kabla hatujathubutu kumwomba ile taa. Alikuwa ameiweka juu ya kabati, haitumii. Kijana aliifungua, akakuta kile kiungo chake cha kwanza, mviringo kama shanga, kimekaa juu ya shaba bila kushika. Alikinyonya kwa utambi, akasafisha, akalehemu upya kama alivyofundishwa, mama yake akikagua kwa lenzi. Taa iliwaka barazani kwetu usiku tatu mfululizo, nasi tukiamka kwa zamu kuitazama. Siku ya nne aliirudisha mwenyewe, hakudai kitu.

Giza la mwezi lilipoingia, jirani aliibeba mtumbwini, lakini alibeba na taa nyingine ya akiba. Hatukumlaumu, kwani imani iliyovunjika usiku mmoja hairudi kwa usiku mmoja. Mwezi uliofuata alipita mlangoni jioni akielekea ziwani, taa moja tu mkononi.